Chebet, aliyemuuliza Njeri anataka nini

Bado napiga simu ya Chebet. Inaita vizuri tu, halafu nakumbuka.

Ijumaa tulikuwa kazini pamoja, akisema kichwa kinamsumbua. Jumapili dadake akanipigia kuniambia ameaga. Tangu hapo siwezi kutulia. Naosha vikombe visafi, natoka nje hapa Kiamunyi, narudi, nashika simu tena.

Kwa wale hamkumjua: Chebet alikuwa occupational therapist, wa kusaidia wagonjwa kujifanyia mambo yao ya kila siku, mimi ni physio, wa mazoezi ya viungo. Kliniki yetu hapa Nakuru huona watoto wenye ugonjwa wa misuli, ule unaomaliza nguvu polepole.

Nataka niwaambie kuhusu Njeri wa Subukia, ako na miaka tisa. Mwaka jana mamake aliacha kumleta. Ofisini watu wakasema mama amechoka na mtoto.

Chebet hakubishana nao. Aliniambia tu, "Jumamosi uko free? Twende tumuulize mwenyewe."

Tulipofika kwao Subukia, Mama Njeri alitupikia chai, akangoja tunywe kwanza. Kisha akasema, bila hasira, "Daktari, kila tukija mnampima nguvu, halafu mnaniambia amepungua, na yeye amekaa hapo anasikia. Tukirudi nyumbani hali chakula."

Nikaanza kueleza. Chebet akanigusa mguu chini ya meza, ninyamaze.

"Kifua chake lazima tupime," akamwambia mama. "Kikianza kuchoka kupumua nataka kujua mapema. Hiyo siwezi kuacha."

"Pimeni. Lakini majibu mniambie mimi, kando. Yeye mwambieni akiuliza."

"Sawa. Na yeye anataka nini?"

"Si yuko hapo, muulize."

Njeri alifikiria sana. "Nataka kujichana nywele. Mama ananivuta."

Mikono yake ilikuwa haifiki tena kichwani. Chebet akaomba mwiko na kamba, akafunga kitana kwenye mwiko, akainua meza kwa matofali ili viwiko vya Njeri viegemee hapo. Kitana kilianguka, akafunga upya, kikaanguka tena. Mchana ulienda hivyo. Mwishowe Njeri akachana upande wa mbele, vibaya kabisa, akacheka. Mamake akatoka nje, akasema anaenda kuangalia ng'ombe.

Mwezi uliofuata walirudi kliniki.

Jana walikuwa na appointment. Nilitamani wasije. Njeri akaingia na wheelchair yake akiangalia huku na huku. "Auntie Chebet ako wapi?"

Mamake alikuwa amesikia, ila hakuwa amepata namna ya kumwambia. Akaniangalia mimi. Nikapiga magoti mbele ya mtoto.

"Aliugua ghafla, Njeri. Amekufa."

Akaniuliza, "Alikuwa na ugonjwa kama wangu?"

"Hapana. Wake ulianza ghafla kichwani. Si kama wako."

Ndio akaanza kulia. Shingo yake huchoka akilia, kwa hivyo nikamshikia kichwa. Mamake akamshika mkono. Foleni ilikuwa ndefu huko nje na hakuna mtu alituharakisha. Nilimshikia mpaka akamaliza.

Chebet, kesho tunakupeleka kwenu kukuzika. Watu wenu wameniomba niongee na sijui nitaanzia wapi.

Pumzika, mwenzangu. Njeri ameambiwa ukweli, na amekulilia vizuri.