Waliowaita Mikokoni

Rai alipenda utaratibu kupita kiasi. Nyumbani kwake Gazi hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa na upande wa mashati na upande wa kanga, na mkewe alikwisha kuchoka kubishana naye. Kwa hiyo mwaka 1997, mvua za El Nino zilipoigeuza wilaya ya Kwale kuwa bwawa na watu wakaunda kikosi cha kujitolea cha kuwatafuta waliopotea, hakuna aliyeshangaa kumwona Rai akipewa timu, yeye mkata boriti ambaye hakuwa amewahi kuongoza hata kikao cha harusi.

Timu zilikuwa tatu. Wazamiaji walikuwa vijana wa hoteli za Diani, waliokosa kazi baada ya watalii kukimbia fujo za Agosti. Watu wa kamba walikuwa wachimba visima wa Mkongani, ambao walizoea kuteremka mahali ambapo wengine hata kuchungulia hawataki. Ya Rai iliitwa timu ya miguu. Kazi yake ilikuwa kupita msituni na mikokoni, kuita, kisha kusikiliza. Msaidizi wake alikuwa Johnstone, mlinzi wa hoteli kutoka bara, mwenye sauti nene hata ukajiuliza kipaza sauti alikibebea nini.

Masharti ya timu aliyatunga Rai mwenyewe. Ndugu wa aliyepotea haingii kutafuta, kwa sababu mwezi wa Novemba baba mmoja alijitosa mtoni kumfuata mwanawe na wakazikwa wote wawili. Na mahali palipoitwa pakawa kimya hufungwa kitambaa chekundu mtini, watu wakaenda mbele, wasirudi hapo tena.

Siku ya mafunzo, mchimba visima mmoja alisema kwamba watu wa hapa hawaitwi ovyo mikokoni. Alisema kweli, na Rai alijua, maana mama yake ndiye aliyemfundisha angali mdogo: ukisikia jina lako linatajwa na anayekuita humwoni, nyamaza, huyo si mtu, ni jini; mtu wako atakuita kama anavyokuita nyumbani. Lakini siku hiyo alikuwapo mkufunzi kutoka Mombasa, na vijana wa hoteli walikwisha kuanza kutabasamu. Rai akaona haya. Akasema mambo ya majini yaachwe majumbani. Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Disemba, Ramadhani ikikaribia, mama yake Rai na rafiki yake Esha waliingia mikokoni kutafuta kuni za kupikia futari. Wanawake hao wawili walikuwa wameingia humo tangu usichana wao. Ila siku hiyo mvua kubwa ilinyesha huko juu milimani, kijito kikafurika nyuma yao na kuwakatia njia. Adhuhuri ikapita hawajarudi. Bahari nayo ilikuwa ya bamvua, ile inayojaa kupita kawaida, na kila mtu kijijini alijua kwamba ikijaa jioni hiyo, mikokoni hapatakuwa na pa kusimama.

Kikosi kikafika. Rai alikwisha kukunja suruali Johnstone alipomshika bega.

"Mzee Rai, sheria ni yako mwenyewe," alimwambia kwa upole. "Kaa hapa. Tutakuletea mama."

Rai akakaa juu ya gogo. Baada ya kitambo akaisikia sauti ya Johnstone ikipasua miti: "Twaiba! Esha!"

Tangu marehemu baba yake azikwe, Rai hakuwa amemsikia mtu akimwita mama yake Twaiba. Kijiji kizima kilimwita Mama Rai, na Esha kilimwita Mama Abdulaziz. Alijua pale pale kwamba mama yake hataitika. Akasimama, akafungua kinywa. Mbele yake vijana wa hoteli walikuwa wakikunja kamba zao, na akakumbuka kile kicheko, akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alicheka nao. Akajiambia kwamba mama ameloa, ana baridi, atayasahau hayo ya majini na ataitika tu. Akakaa tena. Hapo hakuna wa kumtetea.

Johnstone alirudi akasema kote kimya. Kitambaa kimefungwa. Kwa utaratibu wa timu, watu wote wakahamia ng'ambo ya kijito, na maji ya bahari yakaanza kuingia kati ya mizizi.

Alasiri ilipoadhiniwa Rai alishindwa kuvumilia. Alivua viatu akaingia, maji yakimfika magotini, kisha kiunoni, huku akiita kama mtoto aliyetoka chuoni akakuta nyumba tupu. "Mama! Mimi Rai. Mama!" Mara ya tatu sauti nyembamba ikamjibu kutoka karibu mno.

Alimkuta ameukumbatia mkoko, maji kifuani, midomo imekuwa myeupe. Mti wa jirani ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu.

"Mama Abdulaziz yuko wapi?" Rai aliuliza.

Mama yake alimshika shingoni, akabebwa mgongoni. Ndipo akasema, mdomo karibu na sikio lake, "Alitaka kuitika. Nikamziba kinywa kwa mkono huu. Nikamwambia, si watu hao." Esha alikuwa mfupi. Maji yalipojaa yalimfunika yeye kwanza, na mkono wake ukamponyoka mama.

Rai alipiga hatua chache. Kisha mama akauliza, "Kumbe walikuwa watu?"

"Walikuwa watu, mama," Rai akasema. "Walikuwa watu wangu."

Wazamiaji walimpata Esha kesho yake asubuhi, na akazikwa kabla ya adhuhuri. Rai alitamani dunia immeze. Alisimama nyuma kabisa makaburini, lakini Abdulaziz, mwana wa marehemu, alimwona, akamfuata na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamshukuru kwa kazi ya kikosi. Akasema haya yote ni kadari ya Mwenyezi Mungu.

"Najua mliwaita, Rai, ndugu yangu," akasema. "Ila mama siku hizi alikuwa mzito wa kusikia. Nadhani hakusikia."

Njia ilikuwa hiyo, imefunguliwa na mfiwa mwenyewe, na kuipita kungemstiri Rai na kumstiri mama yake pia. Rai aliiangalia ile mikono iliyomshika.

"Alisikia," akasema. "Mama yako alisikia, Abdulaziz. Mimi nilijua hawataitikia mwito ule, na nikanyamaza."

Abdulaziz akauachia mkono wake taratibu, akamgeukia mtu aliyefuata.