Saa ya Mkutubi

Mkutubi wetu hapa Canberra hajui ni saa ngapi, ingawa saa haimtoki mkononi. Ni ya kuiprogramu mwenyewe, ya zile ambazo waliozitengeneza wameanika siri zake zote hadharani, kila mtu azichokonoe atakavyo. Naye anachokonoa. Vidole vyake vyembamba vikimaliza kupanga vitabu vinarudi kwenye kompyuta, huku akiimba chini kwa chini. Leo saa inamwambia chai imepoa. Kesho haiwaki kabisa. "Shoga, ya dukani ingekuwa inakwambia saa," namtania. "Ya dukani haikusikilizi, Tamsin," ananijibu bila kuinua kichwa.

Mwezi wa tisa, kunguru wa mabaka wanapolinda makinda yao, sisi waendesha baiskeli tunafunga vibanio virefu vya plastiki, vile vya kufungia nyaya, juu ya helmeti, vikasimama kama miiba ya nungunungu, ili wasitushambulie. Yeye mwaka huu alikataa. Alikuwa ameifundisha saa itetemeke akikaribia mti wa yule kunguru mkorofi wa njia ya ziwani, apate kugeuza njia mapema. Tukaenda sote. Tulipoukaribia mti, saa ikatetemeka, palepale alipotaka. Akainamisha kichwa aisome. Kunguru akashuka kutoka nyuma, akamdona sikio.

Nikafunga breki. Damu ilikuwa inamchuruzika shingoni, naye macho yanang'aa kwa furaha.

"Umeona?" akapiga kelele. "Inafanya kazi!"

"Shoga, anarudi huyo!"

Akaitazama saa.