Jicho la Mtani

Mikdad ni mtoto wa kaka yangu, na mtu mwingine akimsema vibaya mbele yangu namrukia. Mimi lakini nitamsema, kwa sababu ni wangu. Alimaliza kidato cha sita mwezi wa tano, akarudi hapa Kaole na sanduku lake la bati na godoro lililofungwa kamba, na tangu siku ile amani ikatoka nyumbani. Mwizi hakuwa, mlevi hakuwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: ukimwuliza sasa utafanya nini, anakujibu sijui.

Basi kila mtu akawa anamwuliza. Msikitini wanamwuliza, dukani wanamwuliza, muuza mkaa naye anamwuliza huku anajaza kopo. Kaka yangu Salumu, aliyekuwa akinunua nazi mashambani na kuzipeleka mjini Bagamoyo, alikwishawatangazia watu kwamba mwanawe atakuwa daktari. Mwalimu wake kamwambia aende ualimu. Mjomba wake wa Fukayosi kamwambia aje walime ufuta. Mtoto anawasikiliza wote, anaitikia kwa kichwa, halafu anakwenda kulala. Nilikuwa nakereka mpaka nasaga meno, na huku namwonea huruma, maana amekonda mpaka shingo imebaki ya kuku.

Siku moja baada ya magharibi tulikuwa tunakula, sisi wanne: Salumu, mkewe Mwanamkasi, Mikdad na mimi. Kaka akauliza tena.

"Mikdad, umeamua?"

"Bado, baba. Sijui."

"Hujui nini? Nimekusomesha miaka yote hii ili uje unikalie hapa uniambie hujui?"

"Sijui ninachotaka, baba. Nikikwambia udaktari nitakuwa nakudanganya."

Salumu akanyanyuka akamzaba kofi, bakuli la mchuzi likaruka. Akamzaba la pili. Alipoinua mkono kwa la tatu, Mikdad akamsukuma. Alimsukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, na kaka yangu akaenda kinyumenyume akaanguka kitako mlangoni. Mtoto kamwangusha baba yake! Salumu akajiinua, akajipangusa kanzu, akaingia chumbani. Alfajiri Mwanamkasi alikwenda kumwamsha aswali, akamkuta wa baridi.

Daktari alisema presha. Mwanamkasi alinivuta kando, kucha zake zikaniingia mkononi, akaniambia, "Wifi, la jana lisitoke humu ndani." Halikutoka. Mikdad alikaa ukutani hatikisiki, hata chozi hana.

Sasa sisi huku tuna watani, na mtani wa ukoo wetu alikuwa Bwanausi, dereva wa bajaji pale mjini, aliyekua na kaka yangu tangu wanachunga mbuzi pamoja. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka mbele ya maiti. Atamtukana marehemu, atavaa nguo zake, atalizuia jeneza mpaka apewe kitu, na wewe mfiwa huna haki ya kukasirika. Yeye naye hana haki ya kukasirika ukimrudishia. Ndivyo tulivyokuta, na mimi napenda hivyo, kwa sababu msiba bila mtani unaweza kukupasua kifua.

Jeneza lilipokuwa tayari kutoka, Bwanausi akachomoza chumbani kwa marehemu. Kavaa koti la Salumu, kofia ya Salumu, na anachechemea kama Salumu na lile goti lake bovu. Wee! Watu wakaanza kucheka na machozi yao usoni. Akalisogelea jeneza, akalipiga ngumi. "Mroho wee, Salumu! Umekufa na madafu yangu tumboni!" Akajilaza chini mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka apewe sigara. Wakampa. Akainuka, akaichomeka sikioni, akasafisha koo na kutoa sauti ya kaka yangu hasa, ile nzito ya kukwaruza.

"Mikdad! Mwanangu Mikdad! Umeamua? Nimekusubiri mpaka roho imenichoka. Haya, mimi natangulia, ukishajua uje kaburini uniambie!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Masikini Bwanausi, angejuaje? Alichukua kile ambacho mtaa mzima ulikuwa unakisema, akakitia kwenye utani wake. Halafu nikauona uso wa mtoto, kicheko kikanikauka mdomoni.

Wachimba kaburi walikuwa wameegemeza sururu ukutani, na mpini mmoja ulikuwa umechomoka. Mikdad aliuchukua. Pigo la kwanza lilimpata Bwanausi begani. La pili lilimpata usoni, na haki ya Mungu nilisikia mfupa. Mzee akaenda chini, kofia ya kaka yangu ikabingirika mpaka miguuni mwa wanawake. Mtoto hakuacha. Alimpiga mbavuni, akampiga mikono aliyojikingia, anapiga kimyakimya, meno yamemtoka nje, damu inarukia sanda na jeneza. Wanaume walioshika jeneza ikabidi waliweke chini mavumbini ili wakamshike aliye hai. Aibu gani ile! Walimkaba wanne, na bado miguu yake inatafuta pa kupiga teke.

Tulimzika Salumu haraka haraka, nusu ya watu wako makaburini, nusu wako hospitali. Huko hospitali mganga wa zamu alisema mtu aliyepigwa hivi lazima apitie polisi kwanza. Bwanausi, na uso umevimba kama boga, akasema, "Andika nimepigwa teke na maiti." Aliulizwa mara ngapi sijui, akashikilia hilohilo. Mtani hampeleki mtani polisi. Angefungua kinywa tu siku ile, mtoto wetu angelala mahabusu, na hiyo elimu yake yote ingeishia gerezani.

Lakini Bwanausi ana wana wawili, Ishaka na Shuaibu, na wao utani waliusahau. Siku ya hitima, watu wamekaa mkekani wanasoma, wakaingia uani kwetu na marungu. Walimburuta Mikdad kwa kola mpaka katikati ya ua. Ishaka anampiga mgongoni, Shuaibu anamkanyaga mkono kwa kiatu, anaukanyaga na kuusaga. Vidole viwili vilivunjika. Lililonitia hofu kuliko yote ni kwamba mtoto hakujikinga. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayenyolewa. Nikaona hawa watamuua na yeye anataka. Nikalitia mikono sufuria la uji lililokuwa jikoni, nikammwagia Shuaibu mgongoni, wa moto vilevile. Alipiga ukelele uliosikika barabarani. Sijutii. Kovu lake analo mpaka leo, na akipita hapa ananiamkia shikamoo kwa adabu sana.

Jicho la kulia la Bwanausi lilitolewa. Dereva wa bajaji wa jicho moja nani atampanda?

Vidole vilipoanza kushika, Mikdad alitoka asubuhi bila kuaga, akaenda mjini kwa Bwanausi, akapiga magoti mlangoni akaomba ufunguo wa bajaji. Akasema ataiendesha yeye, na kila kitakachopatikana ni cha mzee. Bwanausi akampa. Mtaa mzima ukamsifu. Kijana kajirudi, kijana ana utu, mashallah! Hata Mwanamkasi akaanza kula tena.

Mimi sikusifu. Nilikuwa namtazama. Alitoka gizani na kurudi gizani, hasemi na mtu, na mkono wake ulikuwa karibu kuliko ulimi. Alimpiga ngumi dereva mwenzake stendi kwa kugombea abiria. Alivunja kioo cha bodaboda kwa jiwe. Abiria mmoja alimwambia, kijana wewe si umemaliza sita, mbona umekuja kuendesha bajaji? Alimshusha njiani kwenye jua kali. Na ukimwuliza habari za chuo, lile sijui lilikuwa limekwisha. Sasa alikuwa na jibu zuri la kumfunga kila mtu mdomo.

"Shangazi, mimi nina jicho la mtu shingoni. Siendi popote."

Matokeo yakatoka. Divisheni wani! Mwanamkasi alipiga vigelegele peke yake uani, halafu akaketi chini akalia. Dirisha la kuomba vyuo likafunguliwa, likawa linakaribia kufungwa, mtoto hagusi. Mama yake alimpigia magoti. Yeye mama mzazi, kampigia magoti mwanawe! Mikdad akapiga teke ndoo ya maji, ikapasuka, akatoka. Hapo mori ukanipanda. Niliona wazi kwamba mtoto kapata pa kujificha, na mahali penyewe ni kwenye shimo la jicho la mwenzake. Nikajitanda khanga nikaenda kwa Bwanausi.

"Shikamoo, kaka Bwanausi."

"Marahaba, mchawi. Umekuja kulichukua na hili lililobaki?"

"Nimekuja kukuomba. Mfukuze mtoto kwenye bajaji yako. Akikaa humo mwezi mmoja zaidi, hatoki tena maisha."

Akapangusa kifuniko cha kitambaa alichozibia tundu la jicho. Kisha akasema, "Utakuwa umenitia njaa mimi, Sabiha. Wanangu hesabu hawaleti." Nikamwambia najua. Akaniambia nirudi nyumbani.

Siku ya pili, adhana ya alasiri ilipolia, Mikdad alipaki bajaji kwa mzee ili aswali. Alipotoka msikitini akamkuta Shuaibu yuko kwenye usukani, ndiye dereva mpya. Nilikuwa sokoni, nikasikia watu wanasema mtoto wa Salumu kachukua spana kubwa ya matairi anaelekea kwa Bwanausi. Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki barabarani sijakiona mpaka leo.

Nilimkuta kasimama barazani, spana mkononi. Bwanausi kakaa kwenye kigoda, anamenya embe. Ishaka yuko nyuma ya mlango na panga. Niliiona ncha yake.

"Umenifukuza kwa nini? Nilikosa nini? Senti yako ipi nilikula?" Mikdad alikuwa anapiga kelele, mate yanamruka.

"Hukukosa kitu. Nenda shule."

"Siendi! Nimekutoa jicho, nitakulipa, nitakutumikia mpaka nife! Huwezi kunifukuza!"

Bwanausi akaweka kisu chini. Akavua kile kitambaa usoni, akainyoosha shingo.

"Basi piga. Limebaki moja. Ukilitoa na hili utapata kazi ya kuniongoza njia mpaka chooni, na hakuna atakayekuuliza tena unataka kuwa nani. Piga, Mikdad. Ishaka, weka panga hilo chini, mtani anashughulika."

Mtoto aliinua spana. Wallahi aliinua, mpaka juu ya kichwa. Nilimshika kiuno kwa nyuma. Halafu uzito wake wote ukanielemea, tukaanguka wote wawili barazani, na spana ikalia kwenye sakafu. Ndipo akalitapika.

"Nilimuua baba! Nilimsukuma akaanguka, na asubuhi kafa! Nilimuua mimi! Na wewe ukasema mbele ya watu wote!"

Bwanausi alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, alimsukuma. Yule mzee, ambaye maisha yake yote hajawahi kusikia jambo asilifanyie mzaha, uso wote ukamwanguka. Embe likawa linamtiririka mkononi. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo.

"Baba ako alikuwa na presha kabla hujaanza shule. Vidonge alikuwa anavitupa. Mbele yangu, ndani ya bajaji yangu, anavitupa nje barabarani. Na mimi namtania. Namwambia tupa, tupa, nirithi koti. Kila siku namtania, sikumshika hata mara moja nikampeleka hospitali. Kama ni kuua, basi tumemuua wawili."

Mikdad alikuwa analia kifudifudi kwenye saruji, kilio cha msiba ambacho hakukilia siku ya msiba.

"Sasa wauaji wawili tukikaa hapa barazani tunalia," akaendelea Bwanausi, "huko shule ataenda nani? Mmoja wetu lazima aende. Inuka utazame mwenyewe, hapa nani ana macho mawili."

Mtoto akainua uso. Miezi yote ile, anamletea mzee ufunguo na hesabu kila jioni, alikuwa akitazama miguu yake tu. Siku ile alilitazama lile tundu. Alilitazama mpaka mimi nikageuza kichwa, na mzee hakulificha. Kisha Mikdad akasema, "Lakini sijui nikasome nini." Bwanausi akampa kipande cha embe, akamwambia, "Hilo usiniulize mimi, niliishia la saba."

Aliomba chuo siku moja kabla dirisha halijafungwa. Yuko Morogoro, anasoma mambo ya misitu. Juzi kanipigia simu, akaniamkia, akaniambia, shangazi, mpaka sasa sina hakika kama naipenda. Zamani ningemtukana mpaka simu iishiwe chaji. Nilimwambia sawa, mwanangu, umekula?