Mzee Nyabuto na Kitanda cha Kuning'inia

Watu wa kilima kile cha juu ya soko la Keumbu, huku Kisii, hawaoni haya kuuliza. Ukinunua ng'ombe watataka kujua umemtoa wapi, ukinenepa watataka kujua unakula nini. Lakini Mzee Nyabuto alipoanza kulala nje, chini ya mti, hakuna aliyekwenda kumuuliza. Walijijibu wenyewe, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Nyabuto alikuwa mtu wa kawaida, na nasema hivyo kwa heshima. Nguvu zake za ujana alizimaliza kwenye kiwanda cha majani chai, akichunga mitambo ya kukaushia, mpaka alipostaafu akarudi kwenye chai yake mwenyewe, kipande cha shamba ambacho ukipiga chafya upande huu jirani wa upande ule anakuombea afya. Siku ya Sabato alivaa koti la kahawia akaenda kanisani na mkewe, Damaris. Hakuwa msemaji. Damaris ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na kama kuna aliyewahi kumsikia Nyabuto akimkaripia mke wake, huyo mtu sijaonana naye.

Damaris aliugua muda mrefu. Alifia nyumbani, kwenye kitanda chao, upande wake wa ukutani, mumewe akiwa amemshika mkono. Walimzika kando ya nyumba kama ilivyo desturi, watu wakaimba, wakala, wakaenda zao. Gladys, binti yao anayefanya kazi Naivasha, akarudi kazini. Ronny, mwana wao, akarudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu pale Keumbu, ingawa jioni alikuwa akija kulala kwenye nyumba yake ndogo ya ujana, hapo hapo uani. Nyabuto akabaki na kile kitanda.

Hakikulalika. Alijibanza pembeni kabisa kama mgeni aliyepewa nafasi kwa huruma, asije akavuka akaingia upande wa ukutani. Wanawake wa ukoo walikuwa wamebadilisha godoro na shuka, lakini hilo halikusaidia kitu. Akahamia kiti cha sebuleni, shingo ikakakamaa. Akatandika mkeka sakafuni, baridi ya saruji ikampanda mpaka kwenye meno. Akaanza kukonda. Alikuwa akisinzia amesimama kwenye foleni ya kupima chai, na Sabato moja alisinzia katikati ya sala akaanguka kutoka kwenye benchi, watoto wakacheka, wakubwa wakatazama chini. Alipoulizwa alisema ni uzee. Mwanamume wa umri wake, huku kwetu, hawezi kusimama mbele ya watu akasema kwamba anaogopa kitanda.

Sasa Gladys alikuwa ameacha mfuko mdogo juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na bembea ya kulalia, ile ya kitambaa chepesi inayofungwa kati ya miti miwili, ambayo alikuwa ameinunua kwa ajili ya kambi ya vijana wa kanisa. Nyabuto aliikuta akitafuta blanketi. Akaitoa, akainyoosha, akaitazama kwa muda mrefu. Nadhani usingizi ukimkosa mtu sana hata gunia litamwonyesha sura ya kitanda.

Mara ya kwanza aliifunga kwenye migomba. Naam, migomba! Mkisii mzima, aliyezaliwa ndizi zikiiva juu ya kichwa chake, anafunga kamba kwenye mgomba na kutegemea umbebe. Alipokaa tu, migomba yote miwili ikaja chini polepole pamoja na ndizi zake, ikamlalia kifuani. Alitoka pale akajipangusa utomvu, akaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona, halafu akaenda kumpigia Gladys simu.

Gladys alishangaa, lakini alifurahi kusikia baba yake ana jambo la kuuliza. Akamfundisha kidogo kidogo, kila jioni kwa simu. Mti uwe mnene na mzima, na juu yake pasiwe na tawi kavu. Mikaratusi aiache kabisa, maana huangusha matawi bila hata upepo. Nyabuto akachagua mparachichi wa nyuma ya jiko na mgrevilea uliokuwa hatua chache kutoka hapo. Tena asitumie kamba nyembamba inayokata gamba la mti, atumie mikanda mipana. Nyabuto alidhani bembea nzuri ni ile iliyokazwa ikanyooka kama meza, na usiku wake wa kwanza kwenye miti ile bembea ilimpindua akala udongo. Gladys akamwambia ailegeze, itumbukie katikati kama ndizi, kisha alale mshazari na si kufuata urefu wake. Mzee akajaribu. Mgongo ukanyooka, akashangaa.

Baridi nayo ilimpa somo lake. Huku kwetu milimani, ukining'inia, ubaridi unapita chini yako bila kuzuiwa na kitu, na blanketi ulilolilalia huwa limebonyezwa na mwili hata halina joto tena. Akajifunza kufunga blanketi zito upande wa chini, kwa nje, liikumbatie bembea bila kubanwa. Mvua ilipoanza akatandaza turubai juu, akidhani amemaliza, kumbe maji yakashuka na mikanda yakamwingia mgongoni. Hilo halikuhitaji simu ya Naivasha. Alifunga kitambaa kwenye kila mkanda, karibu na mwisho wa turubai, maji yakawa yanadondokea pale.

Halafu akalala. Alilala usingizi wa mtu, ule wa kuamka hujui uko wapi. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshaangaza majani chai, na wachumaji walikuwa wanapita njiani na vikapu mgongoni, wakimtazama.

Wachumaji wale ndio waliotangulia na habari. Mara hiyo ikafika sokoni Keumbu kwamba Nyabuto amefukuzwa nyumbani. Na nani? Na mwanawe, nani mwingine? Si Ronny anataka kuoa? Si anataka nyumba kubwa ya mama yake? Kilichonikera ni jinsi watu walivyolisema kwa huruma, wakitikisa vichwa, huku wakiongeza chumvi. Mmoja alisema amemwona Ronny akimtupia mzee blanketi nje. Kumbe alikuwa amemwona akimsaidia kulifunga.

Na kweli Ronny alikuwa anataka kuoa. Msichana alikuwa Mokeira, mwalimu wa chekechea kutoka upande wa Ogembo, na walikuwa wamependana kwa muda na kwa adabu. Lakini kwetu mapenzi ya wawili hayatoshi. Watu wa msichana humtuma mtu, tunamwita esigani, aje apeleleze ile nyumba anayokwenda binti yao. Hapigi hodi na kumuuliza mwenye nyumba tu. Huuliza dukani, huuliza mtoni, huuliza kanisani, na akisema hapana, ni hapana. Ronny alijua kwamba mtu huyo angeteuliwa wakati wowote, na alijua atakachokisikia pale sokoni. Kijana anayemtupa baba yake nje hapewi hata mbuzi wa kuchunga, seuze mke.

Jioni moja alimkalisha baba yake jikoni. Hakufoka. Alimweleza maneno ya sokoni yote, hata yale yaliyomchoma, kisha akasema, "Baba, sikukatazi. Lakini ulale ndani mpaka watu wa Mokeira wapite. Wakishapita, hata ukitaka kulala juu ya paa mimi nitakushikia ngazi."

Nyabuto aliinamisha kichwa. Alimpenda mwanawe, tena Damaris alikuwa amemjua Mokeira na kumkubali kabla hajafa. Aliona aibu kwamba usingizi wake unamharibia kijana maisha. Akakubali, na alikubali kwa moyo wake wote. Ronny hakuuliza kwa nini baba yake alikuwa akilala nje tangu mwanzo. Alidhani ni mgongo.

Mzee akaingia ndani akapanda kitandani. Alipiga moyo konde, akasali, akageukia mlangoni, akageukia dari. Hakugeukia ukutani. Kabla jogoo hajawika alikuwa ameshindwa, machozi yamemlowesha masikio. Akajiambia atapumzika kidogo tu kwenye bembea, arudi ndani kabla wachumaji hawajapita. Usingizi ukamkamata pale pale.

Na ndiyo asubuhi Persis aliyoichagua. Persis, ndiye esigani mwenyewe, alikuwa shangazi yake Mokeira, dada mkubwa wa baba yake, mjane, mwanamke mnene asiye na haraka. Alikuwa amelala kwa rafiki yake hapo Keumbu, akasikia yote ya kusikika, akaamua kuja mapema kabla uwanja haujafagiwa na watu hawajavaa nyuso za kupokelea wageni. Alimkuta Nyabuto ananing'inia chini ya mparachichi, mdomo wazi, kofia ya sufu imemfunika jicho moja.

Ronny alitoka na mswaki mdomoni. Alimtambua mara moja, maana Mokeira alikuwa amemwonyesha picha. Akasalimia kwa heshima zote. Halafu, hata hajaulizwa, akasema mzee alikuwa analinda parachichi, wezi wamezidi siku hizi, wanakuja na magunia. Persis akainua macho mtini. Parachichi zilikuwa zimekwisha kuvunwa, hata moja ya kumpa mgonjwa haikuwepo.

Sauti zao zikamwamsha Nyabuto. Alishuka kwa shida, akavaa viatu, akanyoosha shati. Aliuona uso wa mwanawe na akaelewa kila kitu. Angeweza kuutetea ule uongo. Angesema wezi wale walikuwa wameshaiba zote, na labda wote watatu wangecheka kidogo na mambo yangepita. Persis akampa mkono, akamsalimia, akauliza taratibu, "Baba Ronny, nani amekulaza nje?"

Ronny akafungua mdomo tena. Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Hakuna wezi, Mama. Na huyu mtoto hajanifukuza, jana tu amenibembeleza nilale ndani," akasema. "Nimeshindwa. Kile kitanda kina upande wa mama yake. Nikilala nausikia uko wazi. Nikinyoosha mkono, mkono unakwenda kumtafuta. Hii ya huku nje ni ya mtu mmoja, haina upande wake. Ndiyo maana humu napata usingizi."

Alikuwa hajawahi kuyasema hayo, hata kwa mchungaji. Ronny alisimama na mswaki wake mkononi, povu linamkauka mdomoni. Alikuwa amemzika mama yake, akamlilia, na kumbe hajapata hata siku moja kufikiri kwamba baba yake naye amefiwa. Aibu ikamshika, na chini ya aibu lilikuwapo jambo zito zaidi, kwamba alikuwa amemfungia mzee lile blanketi jioni baada ya jioni bila kumuuliza. Akaweka mswaki chini. Akaenda akasimama karibu na baba yake, bega kwa bega.

Persis aliutazama mlango wa nyumba kubwa, akalitazama kaburi lililopandwa maua kando yake, limepaliliwa vizuri, halina hata gugu moja. Akaomba kiti. Ronny akamletea mbio. Akakaa, akaomba na chai, na mtu aliyekuja kukataa hanywi chai ya nyumba ile, hilo kila mtu analijua. Ronny alilijua, lakini hakuthubutu kuliamini.

Alikunywa kikombe chote. Kisha akasimama, akajifunga leso vizuri, akasema anawahi gari la Ogembo kabla mvua haijaanza. Ronny, kwa sauti ya mtu anayezama, akamwambia lakini hajauliza kitu. Hajauliza juu ya kazi yake, wala shamba, wala ukoo wao kule Nyamira upande wa mama.

"Nilitumwa kuuliza neno moja tu," Persis akasema. "Nilitumwa kuuliza mwanamke akiolewa hapa anaishi vipi na watu wa hapa. Baba yako amenijibu."