Kurudi kwa Nani

Nakumbuka Sabato moja, mwanangu, kabla mvi hazijaanza kunichungulia na kabla hamjaanza kuniita dani, nyanya yenu. Nilikuwa juu ya ngazi ndani ya ghala la njugu kule Rodi Kopany, drili mkononi, jasho machoni, na akili imesokotana kama uzi uliochezewa na paka. Sijui kama umewahi kuchanganyikiwa hivyo. Kitu ulichokifunga kwa mikono yako mwenyewe kinakuambia hivi, na pua yako inakuambia vile.

Ngoja nikueleze polepole, maana haraka haraka haina baraka. Mimi ni Mkuria wa Migori, karibu na mpaka, nikaolewa na Mjaluo wa Homa Bay. Wanasema mgeni ni kuku mweupe. Basi mgeni huyu alikuwa na cheti cha ufundi wa umeme juu yake, na kila jicho lilikuwa kwangu. Kikundi cha akina mama kilipata mashine ya kukaushia njugu. Mashine inapuliza hewa ya moto kupitia bomba pana la bati hadi chumba cha njugu. Hewa inapita katikati ya njugu, inabeba unyevu, kisha inavutwa na bomba la pili hadi kwenye mashine. Kazi yangu ilikuwa kufunga sensa ndani ya bomba, kile kifaa cha kupima joto na unyevu wa hewa. Sensa ndiyo yenye neno la mwisho. Ikiona hewa imekauka, inahesabu kwamba njugu zimekauka, na inazima mashine.

Mama mkwe wangu ndiye aliyezunguka boma hadi boma akiwashawishi wenzake walete mavuno. "Mashine iko kwa mikono ya mke wa kijana yangu," aliwaambia. Magunia ya kwanza kuingia yalikuwa yake, mbegu alizozichagua mwenyewe mojamoja.

Injinia alikuwa Kisumu, mtu wa kuongea mbio. Akaniambia kwa simu, "Hiyo sensa weka kwa bomba ya kurudi." Nikasema sawa. Neno kurudi nimelijua tangu nikiwa mtoto, nimuulize nini? Nikasimama katikati ya njugu, nikatazama mabomba. Moja linatuondolea hewa. Jingine linaturudishia hewa. Basi la kurudi ni hilo linaloturudishia. Nikatoboa, nikafunga, nikaziba kwa silikoni, nikajisifu.

Mashine ikawaka, ikapuliza kidogo, ikazima. Sensa inasema pamekauka. Nikamenya njugu, mbichi kabisa. Nikawasha tena, ikazima tena. Nikapiga simu.

"Iko kwa kurudi?"

"Iko."

"Basi hiyo ni mbovu. Badilisha."

Nikabadilisha, ikazima. Nikadhani ni waya, nikafungua waya zote. Nikadhani ni kona ya bomba, nikaisogeza sensa mbele, nikairudisha nyuma, hadi bati likajaa matundu. Nje mvua haikatiki. Magunia ya chini, yale ya Mama, yakaanza kunuka ukungu, na njugu yenye ukungu ni sumu, hata kuku humpi. Wale akina mama hawakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Walipita mlangoni, wakasalimia, wakavuta pumzi puani, wakaenda zao. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilijua njugu zikioza zote, Mama hatapata tena uso wa kusimama mbele ya wenzake, na mimi ndiye nitakuwa nimemvua heshima.

Sabato hiyo wenzangu Wasabato walikuwa kanisani. Mimi Mkatoliki nilibaki juu ya ngazi, simu sikioni, napiga kelele: "Nimechoka! Nimesema ni kurudi, ni kurudi tu! Hakuna kwingine!" Nikakata simu. Kugeuka, Mama yuko mlangoni na kitambaa chake cheupe cha kanisani, Biblia kwapani.

"Nyar Kuria," akasema, yaani binti wa Wakuria, "unarudi wapi?"

Sikumwelewa. Mama hakujua Kikuria, nami Kijaluo changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo tuliishi ndani ya Kiswahili, na sote wawili tulikuwa wapangaji humo.

"Yawa, kama ni hii njugu imekuudhi, wacha ioze. Kwani tumekukosea nini ndio urudi kwenyu?"

"Si mimi, Mama! Ni hewa ndio inarudi."

"Hewa?" Akatazama juu, akatazama chini. "Inarudi kwa nani?"

Nikayatazama mabomba tena. Kwa nani? Ukimtuma mtoto dukani harudi dukani, anarudi kwako wewe uliyemtuma. Na hewa hii aliyeituma ni nani, kama si mashine? Injinia alikuwa anaongea akiwa upande wa mashine. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa njugu. Tumesema neno moja siku zote hizo, kila mtu na nyumbani kwake. Sensa yangu ilikuwa inapima hewa ya moto kabla haijagusa hata njugu moja!

Nikaihamishia bomba linaloirudisha hewa kwa mashine. Mashine ikawaka na haikuzima. Mama alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na viatu vyake vya kanisani, akaisikiliza inavyonguruma. Nikamwambia njugu za wenzake zitapona, lakini mbegu zake zimekwenda. Nikalia.

"Njugu hupandwa tena," akasema. "Mimi nilidhani unatuacha."

Kiswahili cha vitabuni kinasema kumrudi mtoto ni kumwonya. Basi Mama alinirudi siku ile kwa neno lilelile, na mpaka leo sijui kama alijua.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, na watu wengi huuliza neno wasilolijua. Wewe uliza pia lile unalolijua sana, maana hilo ndilo hukupitisha mlango usio wako huku ukitabasamu. Kabla hujasema sawa, muulize mwenzako amesimama wapi. Kwa fundi uliza hivyo, kwa mkeo, kwa mumeo, hata kwangu. Na ukimsikia mtu wako anasema amechoka, usipite mlangoni ukinusa tu. Ingia, umuulize.

Mungu aibariki mikono yako na masikio yako. Na popote utakapotumwa, siku ukisema unarudi, awepo mtu anayejua ni kwa nani, na awe ameuacha mlango wazi.