Dobi wa Kasulu na Ukoo wa Bi Tunu

Moshi wa kuni mbichi ndio unaomwelekeza mgeni kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya wodi za hospitali moja ya hapa Kasulu. Ni asubuhi ya Juni, ukungu haujaondoka mabondeni, na Mwajabu Tamimu amekwisha kuchochea moto chini ya mapipa mawili. Anatumbukiza shuka, anazigeuza kwa mti mrefu uliopauka kwa sabuni.

"Shuka za wodi ya wazazi nazishika mwenyewe," anasema bila kugeuka. "Damu hulowekwa kwanza kwenye maji baridi. Ukiikimbiza kwenye moto inaganda humo humo."

Mwajabu ana umri wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, wa kwanza akiitwa Kuruthumu, na ni mjane. Mshahara wake haufiki shilingi mia nne kwa mwezi, na jioni hupiga pasi nguo za watumishi wa serikali ili sukari isikatike nyumbani. Lakini siyo pasi wala sabuni iliyofanya jina lake litajwe hadi Kibondo. Ametajwa kwa sababu ya safari zake za kumtafutia bibi yake ukoo.

Bibi huyo, Bi Tunu, ndiye mama wa mama yake, naye anaishi nyumbani kwake. Anakadiriwa kuwa na miaka themanini na zaidi. Macho yamepungua nguvu, masikio bado.

Jambo lilianza mwaka 1974, siku katibu wa tawi alipopita nyumba kwa nyumba kuandikisha watu.

"Bibi, jina la baba?" aliuliza.

"Abdulrahmani."

"Kabila?"

"Andika mtu wa Ujiji."

Katibu aliandika, akaaga. Mwajabu alikuwa anapepeta mchele uani. Bibi akamwita.

"Yule niliyemtaja si baba yangu," alimwambia. "Ni mtu aliyeninunua."

Mwajabu anasema aliweka ungo chini akakaa. Alikulia Ujiji, akisikia bibi yake akiitwa binti Abdulrahmani, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Mama yake alikufa bila kusema neno. Huenda naye hakujua.

Siku zile Bi Tunu alieleza machache aliyobaki nayo. Kwao aliitwa Butoyi. Baba yake aliitwa Ntahondi. Walikaa juu ya mlima wenye upepo mkali. Siku moja, akiwa njiani kwenda kuteka maji, watu wa msafara walimwiba, wakamfikisha Ujiji. Huko alilelewa jikoni mwa Abdulrahmani, mfanyabiashara, mpaka Wajerumani walipompa hati ya uhuru akiwa mwari. Kiha kilimtoka mdomoni kidogo kidogo.

"Nilimwuliza kwa nini hakurudi," anasema Mwajabu. "Akanijibu, nirudi wapi? Mlima nisioujua jina?"

Aliyefungua njia ni Ernesta, mhudumu wa wodi, mzaliwa wa Titye. Walikuwa wanakunja shuka, mmoja upande huu na mwingine upande ule, Mwajabu akamsimulia.

"Umesema Butoyi?" Ernesta alisimama na shuka mkononi. "Mama Kuruthumu, kwetu Buha jina hilo halitolewi ovyo. Butoyi ni pacha mdogo. Mkubwa wake lazima aliitwa Bukuru."

Jioni Mwajabu alimpelekea bibi habari hiyo.

"Kulikuwa na dada," alisema Bi Tunu. "Tulilala ngozi moja. Sikujua kuwa tulizaliwa siku moja."

Tangu hapo Mwajabu hakutulia. Likizo yake ya kwanza aliitumia Ujiji, kwa Athuman, mjukuu wa Abdulrahmani, mwenye duka la vitambaa. Athuman hakufurahi kuulizwa.

"Babu yangu alimlea kama mtoto wake," alisema.

"Sikuja kumshitaki babu yako," Mwajabu alimjibu. "Nimekuja kutafuta kwetu."

Athuman aliinuka nyuma ya meza yake. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya makaratasi ya zamani ya nyumba ile, na humo mlikuwa na hati ya Bi Tunu. Mwajabu alirudi nayo Kasulu, na mtawa mmoja wa hospitali anayejua Kijerumani akamsomea: Butoyi, msichana, Mha, anatoka Muhambwe. Muhambwe ndilo jina la zamani la nchi ya Kibondo.

Nchi nzima lakini si mlango wa mtu. Mwajabu alipanda lori la mahindi hadi Kibondo, na kutoka hapo akaelekea upande wa Kakonko, kwenye misheni moja yenye vitabu vya ubatizo vya tangu wakati wa Mwingereza. Alipokewa na Longinus, katekista.

"Wewe Mwislamu, dada yangu. Unatafuta nini katika vitabu vya ubatizo?" Longinus alimwuliza.

"Natafuta watu wa bibi yangu. Wakiwa humo, ndimo nitakamowatafuta."

Longinus anakumbuka alicheka, akavuta benchi. Akina Bukuru walikuwa wengi. Mapacha hawakosekani Buha. Walipita ukurasa kwa ukurasa, yeye akisoma kwa sauti, Mwajabu akisikiliza jina la baba tu. Siku ya kwanza hawakupata kitu. Siku ya pili, mchana, Longinus alisoma: Rosa Bukuru, mtu mzima, binti wa Ntahondi, wa mlima Kigarama. Kalamu nyingine pembeni, ya mwandiko tofauti, ilionyesha kuwa alizikwa mwaka 1961.

"Nilijua nimempata na nimemkosa saa ile ile," anasema Mwajabu.

Kigarama penyewe hapana mtu tena. Operesheni ya kuhamia vijijini iliwateremsha wote, na kilichobaki mlimani ni migomba iliyoingiwa na nyasi. Longinus ndiye aliyemwelekeza kwenye kijiji kipya kando ya barabara, kwa Cleophas, mtoto wa Rosa.

Cleophas alikuwa anaezeka paa. Alishuka, akanawa mikono, akamsikiliza mgeni mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Basi mama mdogo yu hai?"

"Yu hai, mjomba. Yuko kwangu Kasulu."

Aliketi chini kwenye nyasi za kuezekea. Mwajabu alidhani ni furaha, na furaha ilikuwemo. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na Cleophas hakulificha. Anasema alilisikia kwa mama yake alipokuwa karibu kufa.

Butoyi hakuibwa. Nzige walikula mtama wa Kigarama, watu wakaanza kufa. Msafara ulipopita, Ntahondi aliwapeleka mapacha wote wawili njiani. Bukuru alikuwa mgonjwa, wakamkataa. Wakamchukua Butoyi aliyekuwa na nguvu, wakaacha vikapu viwili vya mtama.

"Pacha hugawiwa sawa," Cleophas alimweleza mwandishi wa makala haya. "Ukimpa mmoja, na mwenzake unampa. Mama akinunua kitenge alikikata vipande viwili. Kimoja alivaa, kingine alikiweka sandukuni. Tukiwa watoto tulimcheka. Tulipofungua sanduku baada ya mazishi, tulikuta nguo za mtu mzima ambazo hazijawahi kuvaliwa."

Njiani kurudi Kasulu, Mwajabu alifikiria kusema nusu ya habari. Bibi angepokea jina la dada yake, la mlima wake, na la watoto wa dada yake, halafu basi. Ernesta alimshauri hivyo hivyo: mzee wa miaka ile ataifanyia nini habari ya vikapu?

Alinyamaza siku kadhaa, akifua na kuanika. Mwisho Bi Tunu mwenyewe alimwita.

"Umerudi na kitu tumboni," alimwambia. "Kitoe."

Mwajabu akakitoa chote. Bi Tunu alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, ushungi umemshuka mabegani. Hakulia. Aliuliza vikapu vilikuwa vingapi, akaambiwa viwili.

"Bukuru alikula?"

"Alikula, bibi. Alipona. Alizaa saba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kutawadha.

Mwajabu alitaka wapande lori mara barabara itakapokauka, wafike kwa Cleophas, mambo yaishe. Bi Tunu alikataa, na bado anakataa. Alipoulizwa na mwandishi, alijibu bila kupandisha sauti.

"Mimi siendi kubisha hodi. Ni wao walionitoa nyumbani. Waje wanichukue, watu wazima, mchana, kama anavyochukuliwa binti."

Neno hilo lilifika Kibondo na kuwagawa wana wa Rosa. Baadhi walisema aliyeuza ni Ntahondi, naye ni udongo; wao wajibu kwa lipi? Wengine waliona haya kumkabili. Cleophas anasema vikao vilikuwa vitatu, na katika cha mwisho aliwaambia ndugu zake kuwa kila mmoja wao ametokana na mtama ule. Hapo wakakubaliana waende.

Watakuja mwezi ujao, wanaume wanne na wanawake wawili, wakitanguliwa na Cleophas. Mwajabu ameomba ruhusa ya siku tatu kazini. Amepaka ukuta wa mbele chokaa na kuazima mikeka kwa majirani. Ernesta atakuwepo kutafsiri pale Kiswahili kitakapowapungukia wageni. Mwajabu anatumaini bibi yake ataufikia mlima Kigarama akiwa hai, hata kama ni kwa kubebwa.

Kuhusu chakula, alikuwa amepanga ugali wa mtama, kwa kuwa ndicho chakula cha heshima cha wazee wa huko. Bi Tunu alimzuia.

"Wapikie wali," alimwambia. "Mtama usionekane humu ndani siku hiyo. Sitaki mtoto wa Bukuru aje kwangu ashindwe kula."