Unga Mweupe Upande wa Kuume

Aliyetengeneza maneti za bandia zinazofika mjini kwetu Kasongo hajawahi kushika moja mpaka mechi ikaisha. Nina hakika na hilo, na siku nikikutana naye nitamwambia usoni. Maneti, ndivyo tunavyokiita kile kishikio chenye vitufe cha kuchezea michezo ya televisheni, inatakiwa ikae mkononi mpaka uisahau. Hizi za bandia zina mshono pale nusu mbili za plastiki zinapokutana, na mshono huo unakata kiganja. Lakini mchezaji hasemi kiganja kinamuuma. Anasema mwenzake amemdanganya, na ugomvi unaanza.

Kwa hiyo maneti mpya ikinifikia, kwanza nausugua ule mshono kwa msasa hadi ulainike. Halafu yale mabawa mawili ya kushikia nayavalisha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, kwa sababu jasho la mchana wa kwetu linateleza kuliko sabuni. Vijiti vya kuelekezea vikivuliwa vichwa na vidole vya watu, navivika vizibo vya mpira vya chupa za dawa ya sindano, ninavyoviomba zahanati na kuvichemsha. Vinashika kidole gumba vizuri kuliko vilivyotoka kiwandani. Wakati fulani nilijifanya mjanja nikaondoa kile chuma cha ndani kinachoitetemesha maneti, ili kupunguza kula betri. Wateja wakalalamika kwamba wameshika ganda la yai. Nikakirudisha, nikajifunza kwamba uzito nao ni sehemu ya starehe.

Chumba cha michezo ni kile cha mbele cha nyumba yetu. Kuna televisheni mbili, benchi mbili, na betri zinazolishwa na paneli za sola juu ya bati. Jua likiwaka tunacheza, mvua ikinyesha tunasimuliana jinsi ambavyo tungecheza. Meza yangu ya ufundi iko nyuma ya mabenchi, hivyo mimi nawaona wachezaji visogo tu. Mikono yao naijua kwa maneti wanazoniachia. Fundi cherehani mmoja anabonyeza kwa ukucha, anaacha alama kama za panya. Mwalimu mmoja wa shule ya misheni hucheza magari, na kila kona anaipinda maneti nzima kana kwamba ni usukani wa baiskeli, nami kila mwezi namfungia skrubu zilezile.

Jicho hilo, au tuseme kiganja hicho, nimekirithi kwa mama. Mama hajui mchezo wowote ila anajua mchi. Nilipokuwa mdogo jirani alizoea kuuchukua mchi wetu wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, bila kuomba, kisha anakana. Mama alikuwa akiufumba mkono juu ya mti ule, anaupitisha taratibu kutoka juu hadi chini, macho kayafunga, halafu anasema: huyu aliyetwanga leo anashika chini sana, na kwa mtaa huu anayeshika chini ni mmoja tu. Hakuwahi kukosea. Jirani mwishowe alinunua mchi wake.

Aliyenifundisha kucheza ni kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya. Baadaye alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na tangu baba afariki yeye ndiye anayekaa mahali pa baba pale tunapokula, akiwa amerudi. Nyumbani kwetu wanaume tunakula sinia moja, kama walivyokula babu zetu, kwa mkono wa kuume. Wa kushoto unatulia juu ya goti. Mtoto akikosea anapigwa kofi dogo kabla hajajua hata kutaja jina lake.

Mwaka huu alirudi wakati wa mavuno ya mpunga. Akasema atakaa wiki tatu kisha arudi shimoni. Mimi nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nimemwandalia maneti yake, ile ya kwanza kabisa kuingia nyumba hii, ya asili, si bandia, ambayo huitundika kwenye msumari wake na hakuna mwingine anayeigusa. Niliivalisha mpira mpya mabawa yote mawili. Mpira wa ndani wa gurudumu huja na unga mweupe ili usigandane. Mimi siupanguzi, naacha jasho la mwenyewe liuondoe, maana ndani ya siku mbili huwa umekwisha.

Yaya akaanza kushindwa. Alishindwa na mimi, macho yangu yakiwa kwenye kioo, na fundi cherehani, na hata mwalimu wa magari, aliyekuwa akicheza mpira wa televisheni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kila mara alisema maneti ina vitufe vigumu. Nilimwamini, maana yaya hakuwa mtu wa visingizio. Nikaifungua, nikasafisha. Akashindwa tena. Nikaifungua mara ya pili, nikabadilisha vile vijikombe vya mpira vilivyo chini ya vitufe, nikaweka vilaini kabisa. Mara ya tatu nilivifanya laini hata ukikipulizia kitufe cha kupiga goli kinakaribia kubonyea. Akashindwa kwa mabao sita, akaitundika maneti na kutoka nje bila kuaga.

Wakati huohuo nyumbani mambo yalikuwa yakiharibika. Yaya hakuja kula nasi. Leo ameshiba, kesho tumbo linamsumbua, keshokutwa ameitwa na rafiki. Mahali pa baba pakabaki wazi, sinia ikizungukwa upande mmoja kama mdomo wenye pengo. Tena hakushika mkono wa mtu. Aliyemsalimia alijibiwa kwa kiganja kuwekwa kifuani na kichwa kuinamishwa, na watu wakaanza kusema dhahabu imempa kiburi. Kisha baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, akarudi kutoka sokoni uso umemvimba. Alikuwa amemwona yaya kwenye kibanda cha mama mmoja anayepika, akila wali na maharagwe kwa mkono wa kushoto. Mchana kweupe, mbele ya watu waliomjua baba yetu.

Hilo kwetu si jambo dogo. Mtu anaweza kukosa sala akasamehewa kwa safari, lakini kula kwa kushoto ni kuonyesha kwamba hakuna aliyekulea. Tuliamini sote, nami nikiwemo, na ninaona aibu kuandika hivi: tuliamini kwamba maisha ya machimboni, ya watu wa kila pembe na kila desturi, yamemvua adabu. Baba mdogo alimsema mbele ya wote. Yaya alisikiliza hadi mwisho, akaomba radhi, na kesho yake hakuja kula tena. Mama hakugomba. Alisema kitu kimoja tu, akiwa anapepeta mchele: "Salamabila imekula mutoto yangu."

Alasiri moja wachezaji walikuwa wamekwenda kuswali, nami nikaishusha maneti ya yaya niifungue mara ya nne. Nilikuwa na hasira. Fundi anayeshindwa na kitu kimoja mara tatu huanza kukichukia. Niliishika kwa mikono yote miwili kama mchezaji, kabla ya kuchukua bisibisi, na hapo ndipo viganja vyangu viwili viliponiambia habari mbili tofauti. Bawa la kushoto lilikuwa laini, limeng'aa, limekunywa jasho la wiki mbili. Bawa la kuume lilikuwa bado na unga mweupe.

Maneti imeundwa ikidhani kwamba kila mtu ana magumba mawili yenye kazi. La kushoto linatembeza, la kuume linatenda: linapasi, linapiga, linanyang'anya. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikuwa nimelainisha vitufe mara tatu kwa ajili ya kidole ambacho hakikuwa kikivigusa.

Yaya alipokuja nilimwomba abonyeze kitufe cha kupiga, nisikie ubovu uko wapi. Akaiegemeza maneti pajani, akavusha mkono wa kushoto upande wa pili, akabonyeza. Nikamwomba atumie mwingine. Alinitazama, akatazama mlango, kisha akaulaza mkono wa kuume juu ya meza yangu, katikati ya skrubu. Gumba lilikuwepo, zima, na ukucha wake. Chini yake kulikuwa na kovu dogo tu, la kuonekana kama mkwaruzo. Akajaribu kulikunja, mshipa wa shingo ukamsimama, na gumba halikutikisika. Aliniambia kwamba shimoni jiwe lenye makali lilimkata kano, miezi mingi iliyopita, na kidonda kilipofunga gumba lilikuwa limekwisha kufa. Wali haukamatiki bila gumba, unamwagika wote. Wala mkono wa mtu haushikiki.

"Usiambie mama," alisema. "Akijua, hataniacha nirudi kule."

Nikamuuliza kamba ya kushukia shimoni anaishika na nini.

"Na hii ingine."

Kuna msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na ulinifika kwenye ulimi, lakini huyu ni yaya, sikuweza kumtupia. Nikamuuliza tu kwa nini amekubali kutukanwa na baba mdogo wakati neno moja lingemwokoa.

"Mutu akisema sina adabu, kesho nitatubu, itaisha," alisema. "Akisema niko kilema, nitatubu nini?"

Akaniapisha. Niliapa, na kwetu kiapo hakichezewi.

Siku zilizofuata nilifanya kile nilichokiweza. Niliona kwamba katika mchezo wa mpira, kidole cha shahada cha kushoto hukaa nyuma ya maneti bila kazi, kikistarehe kama bwana harusi. Nyuma pale kuna vitufe viwili. Nikavuta nyaya za kupasi na za kupiga, nikazilehemu kwenye vitufe hivyo, nikaviongezea vipande vya plastiki ili kidole kivifikie bila kunyooka sana. Mbio nilizitoa, hapakuwa na kidole cha kuzibonyeza. Nikamwambia yaya wachezaji wake hawatakimbia, itabidi wafikiri. Alicheka, mara ya kwanza tangu arudi. Siku ya tatu alinifunga mabao mawili kwa moja, na sikumwachia. Niliwahi kutengeneza maneti nyingi, lakini ile ndiyo pekee niliyoitengeneza kwa mkono niliokuwa nikiujua kweli.

Lakini maneti haishuki shimoni. Yaya alikuwa amekwisha kupatana na mtu wa pikipiki aje kumchukua Jumamosi alfajiri, nami kila nilipofunga macho niliona kamba, na mkono mmoja.

Alhamisi mama aliingia chumbani mwangu, wachezaji wakiwa wamejaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mbele ya meza akaniuliza kwa sauti ya chini: "Yaya yako, nilimukosea nini?"

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa na kiapo. Nikaishusha maneti kutoka msumarini, nikamkabidhi, nikamwambia aishike kama anavyoshika mchi. Mama hakuwahi kushika maneti maishani mwake. Aliigeuza, akaikumbatia kwa viganja viwili, akafumba macho. Kiganja cha kushoto kilitembea kikasimama. Cha kuume kilitembea, kikarudi, kikatembea tena. Akafumbua macho akakitazama: kilikuwa cheupe kwa unga.

"Huku hakugusa," alisema.

Aliirudisha maneti mezani polepole, akatoka, na nilimwona kupitia dirishani akijipangusa kiganja kwenye kitenge, mara nyingi kuliko unga wenyewe ulivyohitaji. Mpaka leo sijui kama nilivunja kiapo. Nimejiambia kwamba sikutamka neno, lakini najua vizuri nilichokuwa nikifanya.

Ijumaa baada ya sala mama alituma watoto wa jirani wamwambie yaya kwamba asipokuja kula, naye hatakula. Akaja. Akakaa mahali pa baba, mkono wa kuume umejificha kwenye mkunjo wa kanzu. Sinia ilikuwa imejaa wali mpya, na samaki wa mtoni, wa kutoka Nyangwe, juu yake. Kwetu mama hula na wanawake, uani. Siku ile alinawa, akaja akakaa kwenye mkeka wa wanaume, upande wa kuume wa yaya, bega kwa bega. Baba mdogo akafungua mdomo. Mama hakumtazama. Alikusanya wali kwa vidole vyake, akaufinya ukawa tonge, akauinua mbele ya mdomo wa mwanawe mwenye ndevu.

"Kula, baba," alisema. "Mukono yako ya kuume ni hii yangu."

Yaya aliutazama ule mkono, na nikaona uso wake ukipigana na nafsi yake. Kisha akaufungua mdomo. Alitafuna huku machozi yakimshuka hadi kwenye ndevu, na polepole akautoa mkono wake wa kuume kwenye kanzu akauweka juu ya goti, wazi, tuuone. Baba mdogo alilitazama gumba lile. Halafu akainama, akamchambua samaki, akatoa miba yote mmoja mmoja, na nyama nyeupe akaisukuma upande wa yaya.

Mama alifinya tonge la pili, na la tatu. Yaya alipomaliza kumeza alinigeukia.

"Yule wa pikipiki," alisema, "umuambie kesho asikuje."